Masasisho ya usalama ya vifurushi vya Linux

Masasisho ya usalama ya vifurushi vya Linux ni matoleo yaliyorekebishwa ya programu, yanayotolewa ili kuziba udhaifu ambao mtu mwenye nia mbaya angeweza kuutumia kuingia katika kompyuta, kusoma siri zilizomo au kuizuia isifanye kazi. Sasisho la usalama si sawa na toleo jipya la programu. Toleo jipya huleta vitufe vipya na sura mpya. Sasisho la usalama, likifanywa vizuri, halibadilishi kitu chochote ambacho mtumiaji anakiona. Ndiyo maana wengi huliahirisha.

Makala hii inaeleza hasa utaratibu wa Debian na Ubuntu, kwa kuwa ndio unaokutwa zaidi katika maabara za kompyuta za shule, na mifano kadhaa imechukuliwa kutoka Same na milima ya Upare, mkoani Kilimanjaro, Tanzania.

Maana ya kifurushi

Msomaji wa Tanzania anaposikia neno "kifurushi" hufikiria kwanza bando la intaneti linalonunuliwa kwa simu. Katika Linux neno hilo lina maana nyingine. Kifurushi ni faili moja lililobeba programu pamoja na maelezo yake: jina, namba ya toleo, mtunzaji wake, na orodha ya vifurushi vingine ambavyo programu hiyo inavitegemea. Vifurushi vya Debian na vya mifumo iliyotokana nayo huishia na .deb, na vile vya Red Hat na jamaa zake huishia na .rpm. (Bahati mbaya ni kwamba kifurushi cha aina moja kinahitajika ili kupata kifurushi cha aina nyingine. Tutarudi huko.)

Kiini cha Linux kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kiini peke yake hakimfai mtumiaji wa kawaida, kwa hiyo yapo makundi yanayokusanya kiini hicho na maelfu ya programu nyingine na kuyafanya kuwa mfumo mmoja unaokubaliana. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 na huendeshwa na watu wanaojitolea. Ubuntu, iliyotokana na Debian, ilitolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 na kampuni ya Canonical ya Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini. Jina lake ni neno la Kibantu, na Mswahili hahitaji kamusi kulielewa: ni ndugu wa neno letu "utu".

Faida kubwa ya utaratibu huu ni kwamba programu zote hutoka katika ghala moja na husasishwa kwa amri moja. Mtumiaji halazimiki kuzunguka kwenye tovuti ishirini kutafuta toleo jipya la kila programu.

Safari ya sasisho

Wataalamu wa programu husema mtungaji wa awali yuko "juu ya mto" na mtumiaji yuko chini yake. Kwa mtu wa Upare picha hiyo haihitaji maelezo. Maji ya chemchemi za milimani hukusanywa kwenye ndiva, yaani mabwawa madogo ya asili, kama ile ya Manoo katika kijiji cha Bangalala. Ndiva hujaa usiku, na mchana hufunguliwa ili maji yaende kwa mifereji hadi mashambani kwa zamu. Maji yakichafuka juu, wa chini hupata uchafu. Mfereji ukiziba katikati, shamba hukauka hata kama chemchemi inabubujika.

Programu nazo husafiri hivyo. Mtungaji wa awali ndiye chemchemi. Debian au Ubuntu ni ndiva: hupokea, huchuja, hutunza, na hufungulia kwa wakati wake. Maghala-nakala yaliyotawanyika duniani ni mifereji. Kompyuta ya mtumiaji ni shamba.

Udhaifu ukigunduliwa, kwa kawaida mgunduzi huwaarifu watungaji kwa siri kwanza. Udhaifu hupewa namba ya CVE, utaratibu ulioanza mwaka 1999 chini ya shirika la MITRE la Marekani, ili watu wote walizungumzie jambo moja kwa jina moja. Makundi ya usalama ya mifumo mbalimbali hutayarisha marekebisho, kisha siku moja iliyokubaliwa yote hutangazwa kwa pamoja. Debian huita matangazo yake DSA na Ubuntu huyaita USN.

Tangu saa ya tangazo mashindano huanza. Marekebisho yako wazi kwa kila mtu, na mdukuzi anaweza kulinganisha msimbo wa zamani na mpya, akaona mwanya ulikuwa wapi, akatengeneza chombo cha kuutumia. Kwa hiyo kompyuta isiyosasishwa huwa katika hatari kubwa zaidi baada ya tangazo kuliko kabla yake. Wanafunzi wengi hudhani ni kinyume.

Kwa nini namba ya toleo haipandi

Jambo linalowachanganya hata mafundi ni namba za matoleo. Tarehe 7 Aprili 2014 ulitangazwa udhaifu wa Heartbleed, wenye namba CVE-2014-0160, katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi. Mtu aliye mbali aliweza kuiomba seva imrudishie vipande vya kumbukumbu yake, na ndani ya vipande hivyo kungeweza kuwa na manenosiri au hata ufunguo wa siri wa seva. Watungaji wa OpenSSL walitoa toleo 1.0.1g kama dawa.

Fundi aliyekuwa na Debian 7 akasasisha, kisha akaangalia namba na kukuta bado ni 1.0.1e, yaani herufi ya toleo bovu. Je, alikuwa hajalindwa? Alikuwa amelindwa. Namba kamili ilikuwa 1.0.1e-2+deb7u5, na mkia ule wa mwisho ndio uliobeba habari. Debian haikuchukua toleo jipya zima. Ilichukua marekebisho ya udhaifu huo tu na kuyarudisha katika toleo la zamani lililokwisha kujaribiwa.

Sababu ya kufanya hivyo ni kulinda uthabiti. Toleo jipya zima huja na mabadiliko mengine ambayo yanaweza kuvuruga programu zinazolitegemea. Mwenye seva ya matokeo ya mitihani hataki kuamka na kukuta mfumo umebadilika. Kwa hiyo anayetaka kujua kama amelindwa asisome namba ya mwanzo tu. Atafute namba ya CVE katika tangazo la mfumo wake mwenyewe.

Amri mbili zinazochanganywa

Katika Debian na Ubuntu kazi hufanywa na programu ya APT, iliyoanza kutumika rasmi katika Debian 2.1 mwaka 1999. Amri ya kwanza, sudo apt update, haisasishi programu yoyote. Huchukua tu orodha mpya ya vilivyomo ghalani. Amri ya pili, sudo apt upgrade, ndiyo inayopakua na kusakinisha. Anayetoa amri ya kwanza peke yake amesoma orodha ya bei sokoni akarudi nyumbani bila kununua. Anayetoa ya pili peke yake hununua kwa orodha ya mwezi uliopita.

Kusakinisha nako si mwisho. Programu iliyokuwa imefunguliwa huendelea kutumia nakala ya zamani iliyo katika kumbukumbu mpaka ifungwe na kuwashwa upya, na kiini cha Linux huhitaji kompyuta nzima iwashwe upya. Katika Ubuntu, faili /var/run/reboot-required likionekana maana yake ni kwamba mfumo unasubiri kuwashwa upya. Seva inayosifiwa kwamba haijazimwa kwa miaka 3 kwa kawaida inaendesha kiini cha miaka 3 iliyopita, na sifa hiyo ingefaa kuitwa kasoro.

Kwa asiyetaka kukumbuka amri ipo programu ya unattended-upgrades, inayopakua na kusakinisha masasisho ya usalama yenyewe. Katika Ubuntu huja ikiwa tayari imewashwa.

Sahihi na saa

Ghala-nakala linaweza kuendeshwa na mtu yeyote. Mtumiaji ataaminije kwamba kifurushi hakikubadilishwa njiani? Jibu ni sahihi ya kidijitali. Ghala lina faili la orodha lililotiwa sahihi kwa ufunguo wa siri wa Debian au Ubuntu, na ndani yake mna alama za hesabu zinazofuatwa hadi kwenye kila kifurushi. Kompyuta ina ufunguo wa wazi wa kuhakiki sahihi hiyo. Herufi moja ikibadilika ndani ya kifurushi, alama hazilingani na APT hukataa. Uhakiki huu uliingia rasmi katika Debian 4.0, mwaka 2007.

Orodha hiyo pia ina tarehe, na hapa ndipo kompyuta kuukuu hukwama. Betri ndogo ya ubao mkuu ikifa, saa ya kompyuta hurudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapokatika. APT ikiona orodha iliyotiwa sahihi "kesho kutwa" huikataa. Mwalimu hudhani intaneti mbovu, akanunua bando lingine, kumbe dawa ni betri ya bei ndogo au kurekebisha tarehe. Kompyuta ndogo za Raspberry Pi hupata tatizo la namna hiyo, kwa kuwa nyingi hazina saa yenye betri yake.

Chombo cha kusasisha nacho si malaika. Januari 2019 Max Justicz alieleza udhaifu ndani ya APT yenyewe, CVE-2019-3462, uliomwezesha mtu aliye katikati ya njia kuingiza kifurushi chake. Debian ililazimika kutoa maelekezo maalumu ya namna ya kusasisha kisasishaji bila kupitia mlango huohuo mbovu.

Mifano mitatu ya kukumbukwa

Mfano unaozihusu zaidi shule ni PwnKit, CVE-2021-4034, uliotangazwa na kampuni ya Qualys tarehe 25 Januari 2022. Udhaifu ulikuwa katika pkexec, programu ndogo iliyomo karibu katika kila Linux, na ulikuwepo tangu 2009. Mtu mwenye akaunti ya kawaida kabisa aliweza kujifanya msimamizi mkuu wa kompyuta. Katika maabara ambapo wanafunzi 40 wana akaunti, na alama za mitihani zimehifadhiwa kwenye mashine ileile, udhaifu wa aina hii hauhitaji mdukuzi wa mbali. Unahitaji mwanafunzi mmoja mdadisi.

Wa pili ni aibu ya Debian yenyewe. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja aliondoa mistari michache katika OpenSSL iliyoonekana kuleta onyo, na bila kujua akaondoa karibu bahati nasibu yote iliyotumika kutengeneza funguo. Funguo za kila aina na ukubwa zikabaki 32,768 tu, idadi ambayo kompyuta huijaribu yote kwa muda mfupi. Luciano Bello aligundua kosa hilo na likatangazwa Mei 2008. Sasisho lilirekebisha programu, lakini funguo zilizokwisha kutengenezwa zilibaki dhaifu. Ilibidi kila mmoja atengeneze mpya. Kuna majeraha ambayo kifurushi kipya peke yake hakiyaponyi.

Wa tatu ni wa tarehe 29 Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watungaji wa PostgreSQL, aliona kwamba kuingia katika kompyuta yake kwa SSH kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Wengine tungelaumu mtandao. Yeye alifuatilia, na akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Uliingizwa na mtu aliyejiita Jia Tan, aliyekuwa amesaidia mradi huo kwa zaidi ya miaka 2 hadi akaaminiwa kuwa mtunzaji. Chemchemi yenyewe ilikuwa imetiwa sumu. Toleo imara la Debian halikuguswa, kwa sababu lilikuwa bado linatumia xz ya zamani. Waliopata ni waliokuwa kwenye matoleo ya majaribio. Ule ucheleweshaji unaowaudhi wapenda vitu vipya ulikuwa ngao siku hiyo.

Dhana kwamba "Linux haina virusi" haiko sahihi. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai ilivamia kamera na ruta nyingi zinazoendeshwa na Linux, ikitumia nywila za kiwandani ambazo wenye vifaa hawakuzibadilisha. Ni kweli kwamba virusi vya flashi vinavyosumbua kompyuta za Windows mara nyingi havifanyi kazi kwenye Linux, na pengine hapo ndipo dhana hiyo ilipoanzia.

Mwisho wa huduma na kompyuta za zamani

Kila toleo lina tarehe ya kufa. Matoleo ya muda mrefu ya Ubuntu hupata masasisho ya kawaida kwa miaka 5: la 18.04 lilikoma Mei 2023 na la 20.04 likakoma Mei 2025, ingawa huduma ya Ubuntu Pro huongeza muda. Debian hutoa takriban miaka 3 ya kawaida na kufikia 5 kwa kazi ya kundi la huduma ndefu. CentOS Linux 7, iliyopendwa sana kwa seva, ilikoma tarehe 30 Juni 2024.

Mfumo uliokoma hauonyeshi dalili. Huwaka na kufanya kazi kama jana, na apt huweza kusema hakuna cha kusasisha. Maneno hayo kwa kompyuta iliyo hai ni habari njema. Kwa iliyokufa ni sawa na zahanati isiyo na wagonjwa kwa sababu imefungwa.

Afrika Mashariki ina mfano wake wa zamani. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa hatua kubwa kwa lugha yetu. Lakini Kiswahili chake hata kikiwa fasaha namna gani, nakala ya wakati ule haifai leo kufungulia mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, maana udhaifu uliogunduliwa katika OpenOffice kwa miaka iliyofuata haujazibwa ndani yake. Tafsiri isiyofuata masasisho huzeeka pamoja na msimbo wake.

Tatizo kubwa zaidi kwa shule zinazopokea kompyuta zilizotumika ni mashine za biti 32. Ubuntu iliacha kuzihudumia kuanzia toleo 19.10. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ndiyo ya mwisho kuwa na kisakinishi chake. Debian 13 ya Agosti 2025 haina. Kabla ya kupokea msaada wa kompyuta ni vizuri kutoa amri ya lscpu na kusoma kama prosesa inakubali biti 64. Ikiwa haikubali, mashine bado inafaa kufundishia kuchapa na hesabu, lakini isiunganishwe na intaneti wala isiwekewe taarifa za watu.

Kusasisha mahali penye intaneti ghali

Mji wa Same uko kando ya barabara kuu ya kwenda Arusha, lakini vijiji vingi vya wilaya viko juu milimani, upande wa Vudee, Chome, Mamba au Gonja, ambako mara nyingi intaneti ni ile ya simu na hulipiwa kwa megabaiti. Hapo swali si kama masasisho ni muhimu. Swali ni nani atalipa bando.

Tuchukue mfano wa maabara yenye kompyuta 20, na masasisho ya mwezi yenye megabaiti 150. Kila kompyuta ikipakua yenyewe, jumla ni gigabaiti 3. Kompyuta moja ikiwekewa programu ya apt-cacher-ng, hupakua kila kifurushi mara moja na kuzigawia nyingine 19 kwa waya wa ndani, na matumizi hurudi karibu na megabaiti 150 zilezile. Ni ndiva ndani ya chumba: hujazwa usiku bando likiwa nafuu, na hufunguliwa asubuhi. Sahihi bado huhakikiwa na kila kompyuta.

Palipo bila intaneti kabisa hutumika flashi na programu ya apt-offline. Kompyuta ya milimani huandika orodha ya mahitaji yake kwenye flashi. Flashi huteremshwa mjini, ikajazwa kwenye kompyuta yenye intaneti. Hupandishwa tena na kusakinishwa. Njia hii ni bora kuliko kunakili mafaili ya .deb na kuyasakinisha kwa dpkg -i, kwa sababu dpkg kwa kawaida haihakiki sahihi. Flashi iliyopita mikono mitano kwenye basi ni mfereji usio na mlinzi.

Fedha zikiwa hazitoshi kabisa, afadhali zitumike kwanza kwenye vitu vinavyogusana na nje: kivinjari, kiini, OpenSSL, na huduma yoyote inayopokea maunganisho kama SSH au seva ya wavuti. Michezo na picha za mezani zinaweza kungoja.

Umbali wa maghala nao una uzito. Nyaya za bahari za SEACOM, iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy ya mwaka 2010 zilipunguza gharama, lakini tarehe 12 Mei 2024 zote mbili zilikatika na intaneti ya Tanzania ikadorora vibaya. Siku kama hizo ghala-nakala lililo ndani ya nchi lingeweza kuendelea kufikika wakati la Ulaya halifikiki.

Sheria na taasisi

Nchini Tanzania tahadhari za usalama wa mtandao hutolewa na TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu anayeingia katika kompyuta ya mwingine bila ruhusa, hata kama mlango uliachwa wazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamgeukia mwenye mlango: anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kuzilinda. Shule yenye orodha ya wanafunzi na SACCOS yenye daftari la wanachama zimo katika kundi hilo, iwe daftari lao liko kwenye Windows au kwenye Linux.